Vijiboga vikidondoka: chavusha kwa mkono, ujiwekee mbegu

Mvua zikishashika Lubumbashi, maboga hutanda uani na maua ya manjano yanajaa. Kisha vijiboga vya ukubwa wa kidole gumba vinapauka na kudondoka kimoja kimoja. Wengi hukimbilia dawa. Mara nyingi hakuna ugonjwa wowote: chavua haikufika.

Shina moja la boga hutoa maua ya aina mbili. Dume lina kikonyo kirefu chembamba, na ndani yake kijiti chenye unga wa manjano, ndiyo chavua yenyewe. Jike lina kikonyo kifupi, na chini ya petali kijiboga kimeshaumbika. Madume hutangulia kwa wiki moja au zaidi, basi yakianguka yale ya kwanza usihuzunike. Chavua ya boga ni nzito, inanata, upepo hauiwezi. Mbebaji ni nyuki, na mvua ikinyesha asubuhi nyuki hatoki. Ua nalo hufunguka alfajiri, adhuhuri limeshasinyaa, wala halifunguki tena.

Kagua maua jioni. La kufunguka kesho ncha yake imeshaingia manjano ila bado imefumba. Funga kwa uzi laini ncha ya jike moja na za madume mawili au matatu, nyuki asije akatangulia na chavua ya boga la jirani. Asubuhi, kati ya saa 12 na saa 3, chuma madume, ng'oa petali zote kijiti kibaki wazi. Fungua jike taratibu bila kulichana. Katikati kuna ncha iliyogawanyika sehemu tatu: paka zote, kila upande. Hapo ndipo watu wanapokosea, wanagusa mara moja na kuondoka. Ndani ya kijiboga mna vijiyai mamia, na kila kimoja kinangoja chembe yake. Chembe ikinasa huotesha kijibomba kinachoshuka hadi kwenye kijiyai, na mbegu huanzia hapo. Upande uliokosa chavua haukui, boga linapinda. Mvua ikinyesha fanya kazi chini ya mwavuli, maana maji hupasua chavua. Ukimaliza, funga petali tena na utie utepe kwenye kikonyo.

Chavua ya aina nyingine haibadilishi boga utakalokula msimu huu. Mabadiliko yamo kwenye mbegu, utayaona mwakani. Matango na tikiti hayana neno, hayachanganyiki na boga. Kibwabwa, yaani majani ya boga ya kupika, chuma, lakini usiguse tawi lenye utepe: majani yake ndiyo yanayolisha mbegu. Na ukilazimika kupiga dawa, piga jioni maua yakiwa yamefumba, usiue nyuki.

Boga la mbegu liache mpaka kikonyo kikauke na ukucha usiingie kwenye ganda. Liweke ndani wiki 3 au 4 zaidi, mbegu zinaendelea kujaa. Zitoe, zioshe utelezi, zianike kivulini juu ya mkeka. Bati la moto huua kiini. Kunja moja: ikivunjika imekauka, ikipinda tu iache. Hifadhi katika chupa kavu yenye kifuniko.

Mwezi wa 11 ukikaribia, funga mbegu 10 katika kitambaa chenye unyevu kwa wiki moja. Zikiota 8 au zaidi, panda mbili kila shimo. Zikiota 5, panda nne, kisha ng'oa zilizo dhaifu.