Windows 11 haifungui folda za seva ya zamani: pa kuangalia kabla ya kuwasha SMB1

Seva ya Windows Server 2003 imekaa kwenye kona ya ofisi, inatunza faktira na orodha za mishahara, haimsumbui mtu. Siku bosi anapoleta kompyuta mpya za Windows 11, folda hazifunguki. Ushauri unaozunguka Lubumbashi ni uleule: washa SMB1, njia ya zamani ya kushirikisha faili, kwenye kila mashine, mambo yaishe. Usianzie hapo. Mara nyingi kosa liko kwenye anwani, saa au neno la siri, na ukiwasha SMB1 bure umefungua mlango bila kutibu ugonjwa.

Nani anazungumza lugha gani

SMB ndiyo protokali ambayo Windows hutumia kushirikisha faili. Windows XP na Server 2003 zinajua SMB1 tu. Server 2008 inafika 2.0, Server 2008 R2 na Windows 7 zinafika 2.1, na Windows 10 na 11 zinafika 3.1.1. Mwezi Mei 2017 virusi vya WannaCry vilisambaa kupitia tundu la SMB1, na kuanzia Windows 10 toleo la 1709, mwishoni mwa mwaka huohuo, Microsoft ikaanza kuiondoa.

Kwa hiyo kama seva yako ni 2008 R2, SMB1 haihusiki kabisa. Kama ni kisanduku cha Linux chenye Samba 3.6 (programu inayoifanya Linux izungumze SMB), SMB2 imo ndani ila imezimwa. Weka `max protocol = SMB2` chini ya `[global]` katika smb.conf, washa Samba upya, kisha jaribu tena. Huenda kazi yako ikaishia hapo.

Hatua ya 1: seva iko wapi?

Usiitafute kwenye ikoni ya « Réseau » (majina ya menyu hapa ni ya Windows ya Kifaransa). Orodha ile ya majirani ilitegemea SMB1, kwa hiyo seva ya zamani kutoonekana humo si dalili ya kitu. Nenda kwenye seva yenyewe, fungua cmd, andika `ipconfig`.

Ukiona anwani inayoanza na 169.254, umepata kosa. Umeme uliporudi, seva iliwaka kabla ya ruta, ikakosa wa kuipa anwani, ikajipa yenyewe. Ipe anwani ya kudumu, kwa mfano 192.168.1.10, iliyo nje ya zile ambazo ruta inagawa. Kisha kwenye kompyuta mpya fungua PowerShell, ujaribu port 445, mlango wa SMB:

`Test-NetConnection 192.168.1.10 -Port 445`

Jibu likiwa `TcpTestSucceeded : True`, njia iko wazi. Likiwa False huku `ping` inajibu, angalia ukuta wa moto wa seva na antivirusi yake.

Hatua ya 2: saa

Hii ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Seva ya miaka hiyo ina betri ndogo ya CR2032 kwenye kadi mama, na umeme unaokatika kila mara unaimaliza upesi. Betri ikifa, kila mara mashine inapozimwa kabisa tarehe inarudi miaka mingi nyuma, na seva inaweza kukataa majina yaliyo sahihi kabisa. Zima, chomoa waya wa umeme, pima betri kwa multimita. Mpya inasoma volti 3 au zaidi kidogo. Ikiwa chini ya 2.8, badilisha.

Halafu angalia ukanda wa saa, si saa peke yake. Kinshasa iko UTC+1, Lubumbashi iko UTC+2. Aliyesakinisha Windows akichagua « Afrique centrale - Ouest », saa itaonekana imechelewa kwa saa moja, na mtu ataisogeza mbele kwa mkono. Kwenye kioo sasa inaonekana sawa, kumbe ndani mashine inahesabu UTC kimakosa kwa saa nzima. Kwenye domeni, Kerberos, mfumo unaothibitisha watumiaji, kwa kawaida inavumilia tofauti ya dakika 5 tu. Chagua « Harare, Pretoria », ndipo urekebishe saa.

Hatua ya 3: soma namba ya kosa

Dirisha la Windows linaficha mengi, mstari wa amri unasema zaidi:

`net use Z: \\192.168.1.10\hati /user:SEVA\amina *`

Badala ya SEVA weka jina halisi la seva. Ukiandika `amina` tupu, Windows 11 inaweza kumtafuta kwenye mashine yako yenyewe. Nyota ya mwisho inaomba neno la siri bila kulionyesha.

*Kosa 53:* njia haikupatikana. Rudi hatua ya 1. Port 445 ikiwa wazi lakini 53 inaendelea, shuku SMB1.

*Kosa 1326:* jina au neno la siri si sahihi. Kabla ya kumlaumu mtu, angalia kibodi. Neno lililowekwa kwenye seva yenye mpangilio wa QWERTY halitoki vilevile kwenye AZERTY: a na q zimebadilishana, z na w pia, na tarakimu zinahitaji Shift. Liandike kwanza kwenye Bloc-notes ulione kwa macho. Jua pia kwamba Server 2003 na XP hazikubali akaunti isiyo na neno la siri iingie kupitia mtandao.

*Kosa 1219:* tayari umeunganishwa na seva hiyo kwa jina lingine. Andika `net use * /delete`, kisha `cmdkey /list` uone majina yaliyohifadhiwa, na uyafute kwa `cmdkey /delete:`.

*Kosa 5, au folda inafunguka lakini haikubali kuhifadhi:* Server 2003 ikishirikisha folda mpya inampa « Tout le monde » (watu wote) ruhusa ya kusoma tu. Ruhusa ziko sehemu mbili, kwenye « Partage » na kwenye « Sécurité », na ile kali ndiyo inayoshinda.

*Kosa 71:* « seva » yako ni XP Pro, na watu 10 wameshaingia. Hakuna dawa zaidi ya kupunguza watu.

*Kosa 1272:* seva inaruhusu kuingia kama mgeni, na Windows mpya inakataa. Tengeneza akaunti yenye neno la siri kwenye seva. Usilegeze kompyuta zote kwa sababu ya uvivu wa akaunti moja.

*Kosa 0xc000a000:* shida ni saini (signature) za SMB, alama zinazothibitisha pakiti. Tangu toleo la 24H2, Windows 11 Pro inadai kila pakiti itiwe saini. Washa saini upande wa seva. Ikishindikana kabisa, tumia `Set-SmbClientConfiguration -RequireSecuritySignature $false` kwenye mashine inayohitaji tu.

*Kosa 384:* hapa Windows yenyewe inakuambia kwamba folda inadai SMB1. Sasa ndiyo zamu yake.

Hatua ya 4: SMB1, kwa mashine moja

Chagua kompyuta moja, si ofisi nzima. Andika `optionalfeatures` kwenye menyu ya Windows, tafuta mstari wenye SMB 1.0/CIFS, ufungue. Tia alama kwenye « Client » peke yake. « Serveur » iache bila alama: unataka kusoma seva ya zamani, hutaki kompyuta mpya iwe ya zamani. Mstari wa tatu, « Suppression automatique », ukibaki na alama utaiondoa SMB1 baada ya siku 15 bila matumizi, na ndiyo maana wengine hulalamika kwamba « iliacha tu ». Washa upya, kisha hakiki:

`Get-SmbConnection`

Safu ya `Dialect` ikionyesha 1.x, umefika.

Hatua ya 5: kwa ofisi nzima, weka daraja

Chukua kompyuta yoyote yenye kadi mbili za mtandao, weka Debian, `samba` na `cifs-utils`. Kadi ya kwanza iunganishe na seva ya zamani kwa kebo yake peke yake, kwa anwani za 10.0.0.x. Ya pili iende kwenye swichi ya ofisi. Katika /etc/fstab:

`//10.0.0.2/hati /mnt/hati cifs vers=1.0,credentials=/root/.hati,uid=ofisi,_netdev 0 0`

Kisha shirikisha /mnt/hati kwa Samba ya kawaida. Kompyuta mpya zitazungumza SMB3 na daraja, na daraja peke yake litazungumza SMB1. Usiwashe IP forwarding, yaani kupitisha pakiti kutoka kadi moja hadi nyingine.

Hii inafaa kwa Word, Excel na PDF. Kwa programu ya uhasibu inayofungua faili moja ya .mdb au .dbf na watu kadhaa kwa pamoja, usithubutu: kufuli za faili zinaweza zisifike kwenye seva, na hifadhidata ikaharibika.

Kuhamisha data moja kwa moja ni bora kuliko daraja. Fanya jioni, watu wakiwa wametoka, kwenye ile mashine ya hatua ya 4:

`robocopy \\192.168.1.10\hati D:\hati /E /COPY:DAT /R:1 /W:1 /LOG:D:\hamisha.txt`

Bila `/R:1`, faili moja iliyofungwa itajaribiwa mara milioni moja. Soma mwisho wa hamisha.txt, safu ya mafaili yaliyoshindikana ikiwa 0, rudi kwenye `optionalfeatures` uondoe alama ya SMB1.