Jinsi ya kupima uteuzi asilia kwenye jeni za kinga dhidi ya virusi kwa ndege

1. Chagua jeni moja. TLR3, TLR7, MDA5 na RIG-I hutambua RNA ya virusi, kwa hiyo virusi huzikwepa nazo hubadilika kuwafuata. RIG-I ya kuku usiitafute: hana. Bata anayo, na ni sababu mojawapo ya bata kuhimili mafua ya ndege yanayomwangamiza kuku.

2. Kusanya mifuatano ya DNA ya jeni hiyo kutoka spishi mbalimbali. Chukua sehemu inayotafsiriwa kuwa protini tu. Jenomu (DNA yote ya spishi) hazikosekani, mwaka 2020 mradi wa B10K, unaosoma jenomu za ndege, ulitangaza za spishi 363. Changanya makundi: spishi za karibu mno hazina tofauti za kutosha kupima.

3. Panga mifuatano. Hapa usiwe na pupa, maana matokeo mengi ya uongo huzaliwa hapa. Tafsiri kwanza kuwa protini, panga kwa programu ya PRANK au MAFFT, kisha rudisha kwenye kodoni (herufi tatu za DNA zinazotaja asidi amino moja) kwa programu ya PAL2NAL. Tazama kipande hiki:

GCT CAG AAA C…: alanini, glutamini, lisini

Ikidondoka T moja:

GCC AGA AAC…: alanini, arjinini, asparajini

Hakuna kodoni ya kusimamisha iliyojitokeza kukushtua, na programu itaapa kwamba imeona uteuzi mkali. Kagua kwa macho, spishi moja baada ya nyingine. Inachosha, lakini hakuna njia ya mkato ninayoiamini.

4. Pitisha programu ya GARD kuona kama vipande vya jeni vimechanganyika, halafu chora mti wa ukoo.

5. Pima. Omega ni kasi ya mabadiliko yanayogeuza asidi amino, ikigawanywa kwa kasi ya yale yasiyoigeuza; ikizidi 1, ni dalili ya uteuzi unaosukuma mabadiliko. Wastani wa jeni nzima usikudanganye: mara nyingi huwa chini ya 1 hata pale kodoni chache zinapokimbizana na virusi. Ndiyo maana kwenye programu ya PAML tunalinganisha modeli M7, isiyoruhusu kodoni zenye omega zaidi ya 1, na M8, inayoziruhusu. Zidisha kwa 2 tofauti ya logi za uwezekano, ikizidi 5.99, M8 imeshinda kwa kiwango cha 0.05. Ongeza M8a (M8 ambayo omega ya kundi lake la ziada imefungwa kwenye 1) ili kuilinganisha na M8 kama kipimo kikali zaidi, na kipimo cha MEME cha programu ya HyPhy kwa uteuzi uliotokea kwenye matawi machache tu.

6. Weka kodoni zilizoonyesha uteuzi kwenye umbo la protini. Kwa TLR, tarajia zikae upande unaoshika RNA ya virusi. Zikirundikana kwenye TIR, sehemu ya kupeleka ishara ambayo kwa kawaida haibadiliki ovyo, rudi hatua ya 3 kabla ya kushangilia.