SOMO: Pigano katika Pendragon, hatua kwa hatua (soma kabla ya kuuliza nani anaanza)

Kila wiki naulizwa jambo lilelile: kwenye Pendragon, nani anapiga kwanza? Nimelijibu kwa maandishi, nimelijibu kwa sauti, nimelijibu mezani katikati ya mchezo watu wengine wakisubiri zamu yao. Sasa naliandika mara moja, kwa urefu, ili atakayeuliza tena aelekezwe hapa.

Kwa wageni: Pendragon ni mchezo wa kuigiza wa mezani uliobuniwa na Greg Stafford na kutolewa na Chaosium mwaka 1985. Wachezaji ni manaiti, yaani askari wa farasi waliokula kiapo kwa bwana wao, katika Uingereza ya Mfalme Arthur. Hapa nafuata toleo la 5, lile la 2005 na marekebisho yake. Toleo la 6 limebadilisha baadhi ya hesabu, kwa hiyo msichanganye vitabu viwili kwenye meza moja.

Andaa dadu ya pande 20 kwa kila anayepigana, dadu kadhaa za pande 6, penseli na karatasi ya mhusika.

Hatua ya 1. Tangazeni. Kila mtu aseme anapigana na nani na ameshika silaha gani.

Hatua ya 2. Rusheni dadu ya pande 20 kwa pamoja. Wote wawili, wakati mmoja. Mrusho huo mmoja ndio shambulio lako na ndio kinga yako. Hakuna anayeanza.

Hatua ya 3. Someni dadu. Ukipata namba iliyo sawa na ujuzi wako (namba ya silaha yako kwenye karatasi ya mhusika) au chini yake, umepita. Ukizidi, umekosa. Ukipata namba ileile ya ujuzi wako, hiyo ni shabaha, nayo hushinda kila kitu isipokuwa shabaha ya mwenzako. Ukipata 20 na ujuzi wako haujafika 20, umeboronga: upanga unakuponyoka, silaha ya aina nyingine inavunjika.

Wote wawili mkipita, mwenye namba KUBWA ndiye mshindi. Hapa ndipo waliotoka kwenye michezo mingine hujikwaa. Unataka namba kubwa, lakini isivuke ujuzi wako. Mkilingana, hakuna anayeumia. Ila kama mmoja ana upanga na mwingine ana silaha isiyo upanga, hiyo ya pili inavunjika. Mkikosa wote, vyuma vimegongana tu, mnaendelea na raundi inayofuata.

Hatua ya 4. Mshindi arushe dadu za madhara. Jumlisha nguvu na umbo (STR na SIZ kwenye karatasi), gawanya kwa 6: hiyo ndiyo idadi ya dadu zako za pande 6. Kwa shabaha, dadu zinakuwa mara mbili.

Hatua ya 5. Angalieni kama aliyepigwa anaanguka. Fanyeni hivi KABLA ya kupunguza madhara kwa pointi za deraya, yaani vazi la chuma. Madhara yote yakifika umbo la aliyepigwa, arushe dadu dhidi ya wepesi wake (DEX). Akikosa, yuko chini. Kama yuko juu ya farasi, atumie ujuzi wake wa kupanda farasi. Madhara yakifika mara mbili ya umbo lake, anaanguka bila kurusha chochote. Deraya huzuia chuma kisiingie mwilini, lakini uzito wa pigo unafika palepale.

Hatua ya 6. Toeni pointi za deraya kwenye madhara, na za ngao kwa anayestahili. Someni hapa polepole, maana hapa ndipo meza yetu ilipoharibu mapigano kwa muda mrefu: tulikuwa tunampa ngao kila aliyeshindwa, na ikawa hakuna anayeumia, pigano moja linakula jioni nzima. Sheria ni hii. Deraya inakukinga siku zote. Ngao inakukinga tu kama ULIPITA kwenye dadu yako lakini mwenzako akakuzidi. Ukikosa, ngao ilikuwa mahali pasipotakiwa, haikusaidii kitu.

Tuchukue mfano. Naiti wetu ana ujuzi wa upanga 15, umbo 15, deraya ya pete yenye pointi 10 na ngao yenye pointi 6. Anapambana na Msaksoni (adui wa Arthur) mwenye ujuzi wa mkuki 16. Naiti anapata 9, Msaksoni anapata 13. Wote wamepita, 13 ni kubwa, Msaksoni ameshinda. Anarusha dadu tano: 4, 5, 3, 6, 2, jumla 20. Kwanza kuanguka: 20 imefika umbo 15 lakini haijafika 30, kwa hiyo naiti anarusha dhidi ya wepesi. Halafu kinga: alipita, kwa hiyo deraya 10 na ngao 6 ni 16. Zinaingia pointi 4 mwilini. Sasa rudisha nyuma kidogo: tuseme naiti alipata 18 badala ya 9. Amekosa. Pigo ni lilelile, 20, lakini kinga ni 10 tu. Zinaingia 10. Kwa mtu wa kawaida mwenye pointi za uhai kama 28, mapigo matatu ya namna hiyo na pambano limemalizika.

Tahadhari: msitoe deraya kabla ya hatua ya 5. Tahadhari nyingine: anayetumia silaha ya mikono miwili hana ngao mkononi, hata kama imeandikwa kwenye karatasi yake. Msimamizi wa mchezo aulize kila mara, "Ulipita au ulikosa?" kabla mtu hajataja ngao.

Hatua ya 7. Andikeni kila jeraha peke yake. Msiandike jumla! Huduma ya kwanza inarudisha pointi 1 hadi 3 kwa kila jeraha, na kila jeraha linahudumiwa mara moja tu. Mwenye majeraha matano ya pointi 4 anahudumiwa mara tano. Mkiandika "20" mmemnyima mwenzenu uhai wake kwa uvivu wa penseli.

Hatua ya 8. Pimeni uzito wa jeraha. Pigo moja likiingiza pointi zinazofika ustahimilivu wake (CON), ni jeraha kubwa: anaweza kupoteza pointi ya sifa moja kwa maisha yake yote, na atahitaji tabibu. Pigo moja likifika pointi zake zote za uhai, ni jeraha la mauti. Pointi zilizobaki zikishuka chini ya robo ya zote, anazimia.

Maswali karibuni.

---

Kipanga_Mweupe: Mkuu sijasoma yote niko kwenye daladala, ila nani anaanza kupiga?

Jibu: Hatua ya 2.

Kipanga_Mweupe: Lakini mwenye wepesi mkubwa si ndiye anayetangulia?

Jibu: Hapana. Wepesi una kazi yake, iko hatua ya 5. Ukishuka kwenye daladala, soma.

Mnyama_wa_Dadu: Huu mfumo haueleweki. Jana nimepata 19 nikaambiwa nimekosa, mwenzangu akapata 6 akanipiga. 19 inashindwaje na 6?

Jibu: Ujuzi wako ulikuwa ngapi? Kama ni 15, basi 19 imevuka, umekosa. Mwenzako mwenye 6 alipita. Aliyepita anamshinda aliyekosa. Mfumo unaeleweka, ila umeucheza kwa mazoea ya mchezo mwingine. Hatua ya 3, aya zote mbili.

Bint_Mrima: Asante kwa somo. Nina swali la udadisi. Kama lengo ni kupata chini ya ujuzi, kwa nini mshindi asiwe mwenye namba ndogo? Ingekuwa rahisi kukumbuka.

Jibu: Swali zuri sana, dada. Namba ndogo ingemwadhibu mwenye ujuzi. Mwenye 15 na mwenye 10 wote wanaweza kupata 1, 2, 3, kwa hiyo kwenye namba ndogo wangekuwa sawa. Kwenye namba kubwa, mwenye 15 ana eneo lake, 11 hadi 14, ambalo mwenye 10 hafiki kabisa. Katika eneo hilo kinachoweza kumshinda ni shabaha tu. Nimehesabu jozi zote 400 za dadu mbili kwa 15 dhidi ya 10: mwenye 15 anashinda mara 240, mwenye 10 anashinda mara 100, na mara 60 hakuna anayeumia. Yaani asilimia 60, 25 na 15. Mnyonge ana nafasi yake, lakini ujuzi unaonekana. Na hamkutoa wala kujumlisha chochote, mmetazama dadu tu.

Bint_Mrima: Nimeelewa vizuri. Je, ujuzi ukizidi 20?

Jibu: Kile kilichozidi 20 unakiongeza kwenye dadu yako, na matokeo yoyote yanayofika 20 ni shabaha. Ujuzi 23 unaongeza 3, kwa hiyo ukipata 17 na kuendelea ni shabaha. Wala huborongi tena.

Na hapo ndipo penye moyo wa mchezo huu, kwa maoni yangu. Naiti ana hisia kuu zilizoandikwa kwa namba: upendo, chuki, heshima, utii kwa bwana wake. Akimwona bwana wake ameangushwa, anaweza kurusha dadu dhidi ya utii wake. Akipita, ujuzi mmoja unapanda kwa 10 kwa pambano hilo. Upanga 15 unakuwa 25, anaongeza 5 kwenye kila dadu, na shabaha inaanzia 15: mara 6 kati ya 20. Lakini akikosa anavunjika moyo na kupunguziwa 5, na akiboronga anaweza kushikwa na wazimu akakimbilia porini. Sijaona mchezo mwingine unaofanya mapenzi ya mtu yawe silaha na hatari kwa mpigo mmoja namna hii.

Kobe_wa_Kilimani: Nikivamiwa na wawili?

Jibu: Unagawa ujuzi wako upendavyo. Upanga 15 unaweza kuwa 8 kwa mmoja na 7 kwa mwingine, au 15 yote kwa mmoja. Wao kila mmoja anatumia ujuzi wake kamili. Usiyemgawia chochote anarusha bila upinzani, na hapo ngao hukuipata, maana hukurusha dadu dhidi yake. Ushauri wangu: gawa vibaya kuliko kutogawa, isipokuwa unaweza kummaliza mmoja raundi hiyohiyo.

Kobe_wa_Kilimani: Na nikiwa juu ya farasi, wao chini?

Jibu: Wewe unaongezewa 5, wao wanapunguziwa 5. Ila upanga wako juu ya farasi hauwezi kuzidi ujuzi wako wa kupanda farasi, kwa hiyo usiuache ujuzi huo nyuma. Ukishambulia kwa mkuki farasi akiwa mbioni, madhara ni ya farasi na si yako: farasi wa vita wa kawaida ana dadu 6.

Mnyama_wa_Dadu: Sawa, nimesoma upya, nilikuwa nimekosea. Swali la pembeni: huku kwetu dadu ya pande 20 hakuna, ziko za ludo tu.

Jibu: Za ludo zinatosha kwa madhara. Kwa ile ya 20 tumia karata. Toa kopa na shupaza, ree hadi 10, ni karata 20. Kopa ni namba yake kama ilivyo, shupaza ongeza 10. Changanya, chomoa moja, irudishe, changanya tena. Mpinzani wako apewe uru na pau.

Bint_Mrima: Sisi tunafanya hivyohivyo, ila msimamizi ndiye anayechanganya zote mbili. Mchezaji akichanganya mwenyewe kwa haraka, ile aliyoirudisha juu hurudi juu.

Jibu: Afadhali hivyo. Naiongeza kwenye orodha ya vifaa.