Kabla Hujarudisha Bolti Kuukuu Majini

Hapa Mikindani bolti za boti kuukuu za mbao hunifikia ndani ya viroba, zimechanganyika na bawaba, misumari na mabamba. Wauza vyuma chakavu huziita zote "shaba" na kuzipima kwa kilo. Mimi huzichambua moja moja, kwa sababu niliwahi kufunga mkuku wa mashua ya mzee mmoja mvuvi kwa bolti nne nyekundu, nikiamini ni shaba tupu. Msimu wa kusi haujaisha, mbili zilikatika. Ndani zilikuwa na vitundu kama mkate wa kumimina.

Kumbe ilikuwa metali ya Muntz. George Frederick Muntz wa Birmingham, Uingereza, aliipatia hataza mwaka 1832: shaba sehemu 60, zinki sehemu 40. Ilikuwa nafuu kuliko shaba tupu, meli za mbao zikavikwa na kufungwa kwayo. Hata Cutty Sark, meli ya Uingereza ya 1869, ilivikwa hiyo. Ubaya wake, maji ya chumvi huinyonya zinki polepole. Shaba hubaki na umbo lilelile, rangi ya waridi, nguvu hamna.

Basi anza na sumaku. Kinachonasa ni chuma, hata kama kimepakwa zinki; kiweke kando. Kutu ya rangi ya mrututu isikushughulishe, maana kila chenye shaba huota kutu hiyo. Chukua tupa, ukwangue pembe moja mpaka metali mpya ionekane, nawe uitazame juani, si chini ya taa. Njano ya kung'aa ni shaba yenye zinki nyingi. Hudhurungi yenye wekundu kidogo mara nyingi ni bronzi, yaani shaba na bati, na hiyo ithamini sana. Nyekundu ibane kwenye jiliwa uipinde: shaba tupu hulegea na kubaki ilivyopinda, ikikataa na kurudi kama springi, huenda ni bronzi ya silikoni, yaani shaba iliyochanganywa na silikoni kidogo.

Usiishie hapo, maana ndipo nilipokosea mimi. Katika kila fungu kata bolti moja kwa msumeno wa chuma, pale ilipokuwa imepita kwenye maungio ya mbao, kwa kuwa maji hupenyea hapo. Ukiona duara la waridi pembeni na njano katikati, ni Muntz inayoliwa. Fungu zima lisiguse mkuku. Zilizobaki zigonge kwa nyundo: nzima hulia kwa sauti kali, iliyooza hutoa kishindo kizito.

Usiziyeyushe ndani ya banda. Zinki ikiungua hutoa moshi mweupe, na jioni utatetemeka kwa homa ukidhani ni malaria. Na bamba lenye alama ya mshale mpana, alama ya mali ya serikali ya Uingereza, nakusihi lihifadhi kama lilivyo.

Zile nzima, zikirudi majini, zisikae bega kwa bega na misumari yetu ya chuma. Kwenye maji ya chumvi, chuma ndicho kitakacholiwa kwanza.