Kabla hujalaumu padi, angalia TV

Wenye vibanda vya gemu hapa Kondele, na nyinyi mnaochezea nyumbani: ukibonyeza shuti na mchezaji akachelewa kupiga, mara nyingi padi, kile kidude cha kubonyezea mkononi, haina hatia. Ni TV. Televisheni za kisasa hushikilia kila picha kwanza ziipambe, zikoleze rangi na kulainisha mwendo, ndipo ziionyeshe. Kwenye filamu huoni tofauti. Kwenye gemu, kuchelewa huko kunaweza kupita milisekunde 100, na kwa gemu ya fremu (picha) 60 kwa sekunde, fremu 6 zishakwenda. Mpira ushanyang'anywa.

Ingia kwenye mipangilio ya picha, uchague hali ya gemu (Game Mode). Rangi zitapoa kidogo, zivumilie. Baadhi ya TV huweka chaguo hilo kwa kila tundu la HDMI peke yake, kwa hivyo ukihamisha kebo, rudia. Kama hali hiyo haipo, zima mapambo ya picha moja moja, ukianza na kulainisha mwendo.

Na muuzaji akikuonyesha "1 ms" kwenye katoni ya monita, hiyo ni kasi ya pikseli, vile vidoti vya kioo, kubadilika rangi, si muda wa kubonyeza hadi kuona. Mwambie aiwashe, ushike padi mwenyewe.