Somo: Mfumuko wa bei unavyoingia kwenye hesabu za gharama

Wengi husoma uhasibu wa menejimenti na uchumi mpana kama masomo mawili yasiyojuana. Leo tuyakutanishe kwenye swali moja: uuze bidhaa ngapi ndipo usipate hasara, na bei zikianza kupanda jibu linabadilikaje? Shika kalamu, tukokotoe pamoja.

Hatua ya 1: Tenganisha gharama. Zipo zisizobadilika, kama kodi ya jengo. Uzalishe usizalishe, unalipa. Zipo zinazobadilika, kama malighafi, zinazoongezeka kadiri unavyozalisha. Ukikosea hapa, hesabu zote zinazofuata zimeharibika.

Hatua ya 2: Tafuta mchango wa kila bidhaa, yaani bei ya kuuzia ukitoa gharama inayobadilika. Tuseme bei ni 500 na gharama ni 300. Mchango ni 200.

Hatua ya 3: Gawanya gharama zisizobadilika kwa mchango. Zikiwa 600,000, unapata bidhaa 3,000. Hapo huna faida wala hasara. Faida inaanzia bidhaa ya 3,001.

Hatua ya 4: Sasa ulete mfumuko wa bei, na hapa msiwe na haraka. Malighafi zimepanda, gharama imekuwa 350, lakini bei ya kuuzia umeiacha palepale kwa kuogopa kukimbiwa na wateja. Mchango unabaki 150, na sasa lazima uuze 4,000. Gharama imepanda kwa takriban 17%, ila mzigo wako wa kuuza umeongezeka kwa 33%!

Halafu rudi kwenye namba za mwanzo, ujaribu kupandisha kila kitu kwa 10%: gharama zisizobadilika 660,000, bei 550, gharama inayobadilika 330. Mchango ni 220, na jibu linarudi 3,000 ileile. Kwa hiyo biashara inaumia pale bei zinapopanda kwa kasi tofauti, malighafi zikitangulia na bei ya kuuzia ikibaki nyuma. Kwenye mtihani, ukiulizwa athari za mfumuko kwa mzalishaji, anzia hapo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, bili ya umeme inakaa kundi gani?
Ni gharama mchanganyiko, yaani sehemu yake inabadilika na sehemu haibadiliki, kwa hiyo igawe. Mwezi wa bidhaa 5,000 bili ilikuwa 80,000, mwezi wa bidhaa 2,000 ilikuwa 50,000. Tofauti ya 30,000 gawanya kwa 3,000: kila bidhaa inakula 10. Bidhaa 2,000 zinakula 20,000, kwa hiyo zinazobaki kwenye bili ya 50,000, yaani 30,000 kwa mwezi, hazibadiliki.

Mfumuko umeshuka kutoka 8% hadi 5%, mbona bei hazishuki?
Kwa sababu bado zinapanda, ila polepole. Cha 100 kilifika 108, mwaka unaofuata kinafika 113.4. Bei zishuke kwa jumla, kiwango lazima kiwe chini ya sifuri.

Na benki kuu ikipandisha riba?
Kama mkopo wako una riba inayobadilika, riba inaongeza gharama zisizobadilika, kwa sababu unailipa uzalishe usizalishe. Zikifika 660,000 kwa mchango wa 200, unahitaji kuuza 3,300. Wakati huohuo wateja nao wanakopa kidogo na kununua kidogo, kwa hiyo unabanwa pande zote mbili.