Kufungasha maktaba ya Python inayotumia Neo4j, hifadhidata ya grafu

Weka msimbo ndani ya `src/grafu_yangu`. Ukiuacha kwenye mzizi wa mradi, majaribio husoma folda yako badala ya kifurushi kilichosakinishwa, na kasoro humsubiri mtumiaji.

Kwenye `pyproject.toml`, faili ya mipangilio ya mradi, andika tegemezi (maktaba ambayo yako inaihitaji) `"neo4j>=5,<6"`. Jina la zamani, `neo4j-driver`, achana nalo. Usibane toleo moja kwa `==`; mradi wa mwenzako ukihitaji toleo jingine, pip, kisakinishi cha vifurushi vya Python, itagoma.

Kinachosumbua wengi ni faili za hoja (maswali unayoiuliza hifadhidata), zile za `.cypher`. Kwako zinafanya kazi, kwa mtumiaji hazipo, kwa sababu setuptools, zana inayotengeneza kifurushi, haizibebi mpaka uiambie:

```
[tool.setuptools.package-data]
grafu_yangu = ["hoja/*.cypher"]
```

Zisome kwa `importlib.resources`. `open("hoja/tafuta.cypher")` hutegemea folda uliyosimama, kwa hiyo itakuangusha.

Endesha `python -m build`, kisha `unzip -l dist/*.whl` uone kwa macho kama hoja zimo. Sakinisha faili hiyo ya whl (kifurushi kilichojengwa) kwenye venv mpya (mazingira ya Python yaliyojitenga) na uijaribu ukiwa nje ya folda ya mradi.

Pakia TestPyPI kwanza kwa zana ya twine; hiyo ni nakala ya majaribio ya PyPI, ghala la vifurushi vya Python. PyPI haipokei tena jina la faili lililokwisha kutumika, hata ukiifuta. Ukikosea, ongeza namba ya toleo.